Gari Likikataa Mafuta: Pima Sensa ya Pedeli Kabla Hujanunua Spea

Wengi wetu tunaamini kwamba ukikanyaga pedeli ya mafuta unafungua mafuta. Zamani hilo lilikuwa karibu na ukweli. Pedeli ilivuta kebo ya chuma, kebo ikafungua mlango wa hewa unaoitwa throto, hewa ikaingia kwenye injini na petroli ikaifuata. Lakini kwa magari mengi yanayopita Dodoma leo, kuanzia Noah za kubeba watoto wa shule hadi X-Trail zinazoelekea Mji wa Serikali Mtumba, kebo hiyo haipo. Ukikanyaga pedeli unatuma ombi tu. Ombi linakwenda kwenye kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi, na hiyo ndiyo inayoamua throto ifunguke kiasi gani. BMW walianza kuuza gari la namna hii miaka ya mwisho ya 1980. Sasa hivi hata vigari vidogo vya mtumba kutoka Japani viko hivyo.

Kinachopeleka ombi hilo ni kifaa kidogo cha plastiki kilichofungwa juu ya pedeli: sensa ya pedeli. Ikileta shida, gari linakosa nguvu ghafla, taa ya injini inawaka, na ukikanyaga mpaka chini gari linajikokota tu. Hapo ndipo pesa za watu zinapotelea, kwa sababu dalili hizo zinafanana na za magonjwa mengine kibao. Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, si fundi. Ila kupima sensa hii ni fizikia ya sekondari tupu: volti, ukinzani na saketi. Mwanachuo yeyote, hata wa Historia, anaweza kuielewa kiasi cha kumuuliza fundi maswali ya maana kabla hajatoa pesa.

Sensa inasema nini

Kontroli boksi inaipa sensa umeme wa volti 5, siyo 12 za betri. Sensa inarudisha sehemu ya volti hizo kulingana na pedeli ilivyokanyagwa. Pedeli ikiwa juu, volti kidogo. Ikishuka, volti zinapanda. Sensa za zamani zilifanya kazi kama kitufe cha kuongezea sauti ya redio: kuna kidole cha chuma kinachosuguana na njia yenye ukinzani. Kwa kuwa kinasuguana, siku moja njia inalika na kuacha sehemu mfu. Sensa za sasa nyingi zinatumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Humo hakuna kinachogusana na kingine, kwa hiyo hazichakai kirahisi.

Sasa zingatia hapa, maana ndiyo roho ya upimaji wote. Ndani ya kifaa hicho kimoja kuna sensa mbili, siyo moja. Ndiyo maana soketi yake mara nyingi ina waya sita: mbili za volti 5, mbili za ethi na mbili za ishara. Kontroli boksi inasikiliza ishara zote mbili na kuzilinganisha, kama hakimu anayesikiliza mashahidi wawili kuhusu tukio moja.

Tena mashahidi hao hawaruhusiwi kusema neno lilelile. Kwa Toyota nyingi za sensa ya sumaku, pedeli ikiwa juu ishara ya kwanza huwa karibu volti 0.8 na ya pili karibu 1.6. Ukikanyaga, zote zinapanda pamoja huku tofauti ya karibu 0.8 ikibaki palepale. Kwa Nissan na makampuni mengine kadhaa, ishara ya pili huwa karibu nusu ya ile ya kwanza muda wote. Kwa nini zisifanane? Kwa sababu waya mbili za ishara zikigusana, volti zake zitakuwa sawa. Kama kawaida yake ingekuwa kufanana, kompyuta isingejua kama ni uzima au ni ugonjwa. Zikiwa tofauti kwa makusudi, zikifanana tu kompyuta inajua kuna uongo.

Hili halikuwekwa kwa mapambo. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Toyota waliita mamilioni ya magari yao Marekani kwa sababu ya malalamiko ya magari kujiongezea mwendo. Serikali ya huko iliwapa wahandisi wa NASA kazi ya kuchunguza umeme wa magari hayo, na majibu yalitoka Februari 2011. Hawakuona hitilafu ya umeme inayoweza kufungua throto kwa kiasi kikubwa bila dereva kutaka. Makosa yaliyoonekana yalikuwa ya kawaida kabisa: makapeti ya sakafuni yanayokandamiza pedeli, na pedeli zinazokwama. Lakini katika sensa za pedeli za aina ile ya zamani walikuta vinywele vyembamba vya bati vimejiotea vyenyewe, na vilikuwa vimeunganisha ishara ya kwanza na ya pili. Kesi ya namna hiyo inaonyesha kwa nini mashahidi hao hawaruhusiwi kusema neno lilelile.

Kompyuta ikishuku, inafanya nini

Ikiona ishara moja imepotea au haiaminiki, inawasha taa ya injini na kutumia ile nzima kwa tahadhari. Gari linatembea, lakini throto inafunguka kidogo tu. Ishara zote mbili zikipotea, kompyuta inahesabu kwamba hujakanyaga kabisa. Injini inabaki kwenye silensa hata ukisimama juu ya pedeli kwa miguu miwili. Watu wanasema "gari imekataa mafuta". Gari halijakataa chochote, linajilinda, na linakulinda wewe.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Kama hitilafu ni ya kuja na kuondoka, ukizima gari na kuwasha tena mara nyingi nguvu zinarudi. Dereva anashukuru Mungu na kusahau. Kumbe kompyuta imeanza kusikiliza upya tu, na waya ikitikisika tena utarudi ulipokuwa.

Laki tano zilivyokwenda

Nimeandika haya kwa sababu ya Noah ya baba mdogo. Gari hilo asubuhi linabeba watoto wa shule kutoka Ilazo na Ipagala, wikiendi linakodiwa. Wazazi wanalipa kwa mwezi, na sehemu ya ada yangu ya semesta inatoka humo, maana mkopo wangu haufiki asilimia mia. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, gari lilikosa nguvu katikati ya mlima Nyang'oro likienda Iringa. Taa ya injini iliwaka, likawa halivuki kilometa 40 kwa saa. Akazima, akawasha, likapona. Baada ya siku tatu likarudia hapahapa mjini, na watoto wakiwamo ndani.

Gereji aliyolipeleka ilianza na plagi: elfu themanini. Halikupona. Ikaja pampu ya mafuta ya mtumba: laki moja na ishirini. Likapona siku mbili. Mwisho wakamwambia throto imekufa, akanunua ya mtumba kwa laki tatu. Jumla laki tano, na wiki iliyofuata gari likazima nguvu tena. Wazazi wawili wakahamisha watoto wao kwenye gari jingine.

Katika safari zote tatu hakuna aliyechomeka mashine ya kupimia. Spea zilibadilishwa kwa kukisia, na pale gari "lilipopona" ni kwa sababu lilikuwa limezimwa na kuwashwa.

Baba mdogo alinipigia: "Mwalimu, nyie mnaosoma fizikia huko juu Chimwaga, hiyo fizikia yenu inaweza kutengeneza gari?" Nikamwambia, "Kutengeneza haiwezi, baba, ila kupima inaweza." Tukaenda kwa fundi umeme wa magari, mzee mmoja mtulivu mwenye skana na maltimita, nami nikaomba kuangalia na kuandika. Hatua nitakazozieleza ndizo alizofuata, na zinafuata mantiki ambayo nimeshaieleza hapo juu.

Hatua kwa hatua

Kwanza usalama. Gari liwe tambarare, gia kwenye P, hendibreki juu. Vipimo vingi vinafanyika swichi ikiwa imewashwa bila kuwasha injini. Usitoboetoboe waya hovyo, na kamwe usipeleke volti 12 kwenye waya za sensa.

*Moja: soma misimbo kabla ya kugusa chochote.* Watu wengi wanakimbilia kuchomoa betri ili taa izime. Ukifanya hivyo unafuta ushahidi. Chomeka skana kwenye soketi ya upimaji iliyo chini ya dashibodi, andika misimbo yote. Vile vidude vidogo vya blututhi vya kuunganisha na simu vinasaidia, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani havielewani nayo. Misimbo ya kuangalia ni hii: P2120 hadi P2123 inahusu ishara ya kwanza, P2125 hadi P2128 inahusu ishara ya pili, na P2138 inamaanisha ishara mbili hazipatani. Ukiishia na 2 au 7 (P2122, P2127) volti ziko chini mno. Ukiishia na 3 au 8 (P2123, P2128) ziko juu mno. Baadhi ya Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zitakupa P1120 au P1121. Ukikuta P2135, hiyo ni ya sensa za throto, siyo za pedeli, usizichanganye.

Noah yetu ilitoa P2127: ishara ya pili, volti chini mno. Kwa hiyo plagi, pampu na throto hazikuwa na kesi tangu mwanzo.

*Mbili: tumia macho.* Msimbo unakuambia mtaa, haukuambii nyumba. P2127 haisemi "nunua pedeli". Inasema ishara ya pili haifiki sawasawa kwenye kontroli boksi. Mwizi anaweza kuwa sensa, soketi, waya, au kontroli boksi yenyewe. Toa kapeti la miguuni uhakikishe halikandamizi pedeli. Chomoa soketi ya pedeli, angalia kama pini zimeota kutu ya kijani au zimelegea. Dodoma kuna vumbi la kutosha, na wanaoosha magari wanamwaga maji ndani bila huruma. Vumbi na maji vikikutana kwenye soketi ni tope linalopitisha umeme. Kisha angalia waya zilizochezewa chini ya dashibodi: alamu, redio, taa za urembo.

*Tatu: angalia volti zikitembea.* Skana nyingi zinaonyesha volti za ishara zote mbili palepale. Washa swichi, kanyaga pedeli polepole mpaka chini, achia polepole. Namba zipande na kushuka bila kuruka. Zikiruka au kukatika sehemu ileile kila mara, sensa inachakaa sehemu hiyo. Zikikatika wakati hujagusa pedeli bali umetikisa waya, elekeza macho kwenye waya.

*Nne: maltimita.* Soketi ikiwa imechomolewa na swichi ikiwa imewashwa, pima upande wa waya: kila waya ya umeme iwe karibu volti 5 ukilinganisha na ethi yake. Kama volti 5 hazipo, usilaumu pedeli. Magari mengine yanagawana volti hizo kati ya sensa kadhaa, na sensa nyingine ikipiga shoti inazivuta zote chini. Chomoa sensa hizo moja moja uone volti zitarudi lini. Kama volti 5 na ethi vipo, rudisha soketi na upime ishara kwa nyuma ya soketi, bila kuichomoa.

*Tano: tikisa na ulinganishe.* Hapa ndipo mzee alinifurahisha. Aliweka maltimita kwenye ishara ya pili pale kwenye pedeli, na skana akanishikisha mimi. Mita 1.6, skana 1.6. Akaanza kutikisa fungu la waya taratibu kutoka kwenye pedeli kwenda juu. Alipofika karibu na nguzo ya usukani, skana ikaanguka mpaka 0.1. Mita ikabaki 1.6.

Akaniuliza, "Haya mwalimu, hiyo maana yake nini?"

Maana yake ni kwamba sensa inaendelea kusema ukweli, lakini kontroli boksi haisikii. Shahidi mzima, simu mbovu. Kosa lipo kwenye waya katikati ya hapo pawili. Alipofungua, tukakuta waya ya ishara imefungwa kwa nguvu pamoja na waya za alamu, imekunjwa, nyuzi zake za ndani karibu zote zimekatika huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Barabara ikiwa nzuri nyuzi zinagusana; gari likitikisika zinaachana. Akachomoa betri, akakata kipande kibovu, akaunga kwa solda, akafunika, akafunga fungu mbali na alamu. Alidai elfu thelathini.

*Sita: thibitisha.* Futa misimbo, tikisa tena palepale, kisha toka barabarani kwenye matuta. Misimbo isiporudi ndiyo unaandika kwamba umemaliza. Kuzima na kuwasha siyo uthibitisho.

Kama vipimo vingeonyesha sensa ndiyo mbovu, yaani volti 5 na ethi zipo lakini ishara kwenye pedeli yenyewe inakatika, basi kawaida unabadilisha pedeli nzima pamoja na sensa yake. Linganisha namba ya spea iliyoandikwa juu yake, usiridhike kwamba zinafanana kwa macho. Magari mengine, Nissan wakiwemo, yanahitaji kufundishwa upya nafasi ya pedeli ikiwa imeachiwa. Muulize fundi kama anajua utaratibu huo. Kontroli boksi inashukiwa mwisho kabisa, baada ya wengine wote kusafishwa.

Haya yanatuhusu nini sisi walimu

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuta kwenye ofisi ya walimu daftari lenye majina ya wanafunzi na neno moja mbele ya kila jina: mtoro, mzembe, mzito. Hiyo ni misimbo. Inataja mtaa tu. Mmoja wa "wazito" wa Kidato cha Pili alikuwa haoni ubao. Nilijua siku nilipomsogeza dawati la mbele na akaanza kunakili mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amekwishapewa adhabu, masomo ya ziada na barua ya kumwita mzazi. Ukizihesabu vizuri, ndizo plagi, pampu na throto. Sisemi mtoto ni gari. Nasema kukisia kunagharimu, na anayelipa si yule anayekisia.

Maswali ya kumuuliza fundi

Huhitaji kununua skana. Unahitaji kuuliza, kwa heshima, kabla ya kutoa hela:

1. "Fundi, umesoma msimbo gani?" Kama hajasoma, mwambie asome kwanza.
2. "Volti 5 na ethi zinafika kwenye sensa?" Kama hajapima, bado hajajua kama pedeli ni mbovu.
3. "Umetikisa waya ukiangalia namba?" Hili hasa kwa tatizo linalokuja na kuondoka.
4. "Tukibadilisha hiki na tatizo likabaki, utajuaje?" Fundi aliyepima atakuwa na jibu.

Na ikikutokea barabarani, usilazimishe gari kupita lori kwenye mlima. Washa taa za tahadhari, toka nje ya njia taratibu, weka pembetatu nyuma. Ukizima na kuwasha likapata nguvu, zitumie kufika mahali salama tu, kisha nenda kwa fundi mwenye mita siku hiyohiyo, kabla hujabeba watoto wa watu tena.